Yuko Wapi Inspekta Wingo?

Asimamaye jioni katika Mtaa wa Msimbazi, karibu na kituo cha polisi, huona hadithi nyingi zikipita kwa miguu. Mama aliyechaniwa mkoba, kijana aliyekamatwa ukosi, mwenye duka anayekuja kuandikisha maelezo kwa mara ya tatu. Hadithi hizo ni chakula cha kila siku cha Kariakoo, lakini hazina mwandishi. Vitabu vyetu vya upelelezi vimejaa majasusi na mabingwa wa bastola. Askari wa kawaida, mwenye jalada kwapani na viatu vilivyolika visigino, ni nadra kumkuta humo.

Waingereza walimwona askari huyo mapema. Mwaka 1955 BBC ilianza kuonyesha mchezo wa Dixon of Dock Green, uliobuniwa na Ted Willis. Jack Warner aliigiza konstebo wa mashariki mwa London, mzee mpole aliyewapigia watazamaji saluti na kuwaamkia kama majirani. Mchezo ulipokoma mwaka 1976, Warner alikuwa na umri wa miaka 80. Wengi walimpenda, wengine walisema, wala si bila haki, kwamba askari wa namna hiyo hupatikana peponi tu. Ndipo Januari 1962 ikazuka Z-Cars ya Troy Kennedy Martin: askari wa doria kaskazini mwa Uingereza, ndani ya magari, mbali na majirani, wenye hasira na ugomvi wa nyumbani. Katika sehemu ya kwanza tu ilidhihirika kuwa mmoja wao amempiga mkewe. Mkuu wa polisi wa Lancashire alichukizwa mno, akafunga safari hadi London kutaka mchezo usimamishwe. Haukusimamishwa. Ulidumu hadi 1978, na watazamaji wakazoea kumwona polisi kuwa ni binadamu, leo hodari, kesho mkosefu.

Sisi wa Bara tulikuwa hatuna kioo cha kumtazamia. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962 na Zanzibar mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Tulikuwa na redio na kitabu. Radio Tanzania ilituletea Pwagu na Pwaguzi, tukacheka pamoja na matapeli (na hilo nalo lina maana yake). Vitabuni alitangulia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960: mvuta kiko wa Unguja, ndugu wa Sherlock Holmes kwa akili, lakini si polisi.

Kisha, mwaka 1965, Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na ndani yake Inspekta Wingo, afisa wa polisi hasa. Mlango ulikuwa umefunguka. Waliopita baadaye hawakuushika. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na baadaye Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Vijana wakawasoma hadi kurasa zikanyofoka.

Tusiwalaumu waandishi hao upesi. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, na hofu ya majasusi haikuwa ndoto. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa mjini humu kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Lakini tazama jinsi kesi ile ilivyopelelezwa: betri za bomu zilifuatiliwa mpaka kwa muuzaji wa Lourenço Marques. Kazi ya kuokota vipande, kuvipima na kuandikiana barua! Hiyo ndiyo riwaya ya polisi yenyewe, nayo ilitendeka hapa kwetu. Waandishi wakavutiwa zaidi na bastola.

Hasara yake si ya fasihi peke yake. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa na polisi jijini Dar es Salaam. Ilitangazwa kuwa ni majambazi waliouawa katika mapambano, na habari ya namna hiyo haikuwa ngeni masikioni. Ndugu za marehemu ndio waliokataa kunyamaza. Tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka ilibaini kuwa watu wale hawakuwa majambazi. Msomaji aliyelelewa na Willy Gamba amezoea kuona risasi ikimaliza kisa. Msomaji wa Wingo angeuliza tangu siku ya kwanza: nani aliandika taarifa hii, saa ngapi, na zile fedha zao ziko wapi?

Leo vituo vya televisheni ni vingi, na kamera hupatikana Kariakoo penyewe, madukani. Anayetaka kuanza hana haja ya kubuni jambazi mkubwa. Amfuate yule mwenye duka, amkalishe kwenye benchi la kituo, amwache konstebo atafute kalamu.