Je, Wajua? Uduvi Ana Ndugu Kilindini

Matambarale, pande za Ruangwa na Nachingwea, ni bara hasa. Bahari iko mbali, huko Lindi. Hata hivyo, fungu la uduvi wakavu likifika huko, limefika na ukoo wake wa ajabu.

Miongoni mwa uduvi wa pwani yetu wamo wa jenasi Acetes. Familia yao, Sergestidae, ndiyo hiyohiyo ya kamba wanaoelea gizani katika bahari kuu, mamia ya mita chini ya mawimbi. Baadhi ya hao wa kilindini huwaka mwanga mwilini. Uduvi hana taa. Makazi yake ni maji ya kina kifupi.

Na undugu wake na kamba wengine hujulikanaje? Tazama matamvua na mayai. Uduvi, sawa na kamba wakubwa wa delta ya Rufiji, ana matamvua yenye matawi kama mti, na mayai huyaachia majini. Kamba wa mtoni, Macrobrachium, huyabeba chini ya tumbo: huyo ni wa tawi jingine kabisa, ingawa sokoni wote ni “kamba” tu.

Mwaka 2014 watafiti waliwapanga upya Sergestidae wa kilindini na kuunda jenasi 8 mpya. Acetes alibaki na jina lake.