Kompyuta imekataa kuwaka? Usiibebe kwa fundi bado

UMEBONYEZA kitufe kama ulivyobonyeza jana na juzi, ukangoja, na kompyuta ikakunyamazia kimya. Hakuna taa, hakuna mlio wa feni, na kiwambo ni cheusi tititi. Ndani yake mna picha za harusi ya dada yako, hesabu za duka la mama na kazi ya chuo ambayo mhadhiri anaitaka kesho saa mbili asubuhi. Wengi wetu hapo hufikiria kuibeba hadi mjini kwa fundi. Wengine huanza kuhesabu pesa za kununua nyingine.

Ngoja kidogo. Kompyuta ya mezani iliyokataa kuwaka aghalabu huwa haijafa. Na hata ikiwa imekufa kweli, kile unachokililia hakikai katika sehemu iliyokufa. Kazi zako zinakaa katika diski, kifaa kidogo kinachoweza kuchomolewa na kutiwa katika kompyuta nyingine. Shika hilo akilini tunapoendelea, kwa maana hasara ambayo watu hujutia hutokea baadaye, pale mwenye kompyuta au fundi wake anapoifuta diski kwa haraka ili mashine iwake.

Kwa hivyo jiulize swali moja kabla ya mengine yote: stima imefika wapi? Umeme huanza safari yake ukutani, ukapitia waya, ukaingia katika sanduku na kusambaa humo. Ufuate hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata bomba la maji akitafuta palipopasuka.

Anzia ukutani

Chomeka chaja ya simu katika soketi ile ile. Ukiona jambo hili ni la kuchekesha, utacheka zaidi utakapogundua kwamba mtoto alizima swichi ya ukutani alipomaliza kupiga pasi. Kama unatumia ekstensheni, iweke kando kwanza na uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Hizi ekstensheni za bei rahisi ndizo chanzo cha kilio katika nyumba nyingi, na mimi siziamini hata kidogo.

Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake. Ikiungua, waya unaonekana mzima lakini haupitishi kitu. Nunua nyingine ya kiwango kile kile. Usifunge karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake, kwani kwa kufanya hivyo unaondoa kinga na kuukaribisha moto.

Kuna kile kifaa ambacho watu huweka ukutani kulinda friji. Stima inaporudi, hicho huizuia kwa muda kabla ya kuiruhusu ipite. Aliyechomeka kompyuta hapo hubonyeza kitufe mara kumi na kuapa kwamba imeungua, kumbe angengoja dakika chache tu.

Sasa geukia nyuma ya sanduku, lile ambalo wengi huliita sipiyu ingawa sipiyu yenyewe ni kipande kidogo tu kilichomo ndani. Panapoingia waya wa stima mara nyingi pana swichi ndogo yenye alama mbili, kijistari na duara. Duara maana yake ni kuwa imezimwa. Katika kompyuta za zamani kuna swichi nyingine, kwa kawaida nyekundu, yenye nambari 115 na 230. Stima yetu ni ya volti 240, kwa hivyo hiyo yapaswa kukaa penye 230 siku zote. Ikiwekwa penye 115 kisha kompyuta iwashwe, utasikia mlipuko na kunusa harufu ambayo hutaisahau. Aliyenunua kompyuta iliyowahi kutumika Marekani aikague kabla ya kuichomeka.

Je, kompyuta ilikataa baada ya stima kupotea? Stima ilipopotea karibu kote nchini usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, watu waliona giza. Lakini hatari kwa vyombo vya nyumbani huwa pia katika dakika ile stima inaporudi kwa kishindo. Kompyuta nyingine hujifungia kwa kujikinga, na zikabaki hivyo. Dawa yake haigharimu hata ndururu. Chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha chomeka upya ujaribu. Huonekana kama uganga, lakini hufanya kazi mara nyingi kuliko unavyodhania.

Kama bado ni kimya, mshukiwa mkubwa ni kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Hiki hubadilishwa kizima kizima, na si kitu cha kukutia hofu ya kufilisika. Ila usikifungue kamwe. Umeme unaogeuzwa humo hufika zaidi ya volti 300, na kuna vipande vinavyouhifadhi hata baada ya waya kuchomolewa. Mende hupenda joto lake na mara kwa mara hufia humo. Waache.

Feni zazunguka, kiwambo ni cheusi

Hapa hali ni tofauti. Umeme umefika, kwa hivyo usimruhusu mtu akuuzie pawasaplai kabla hujafanya uchunguzi mwingine. Anza na kiwambo chenyewe. Taa yake inawaka? Waya wake umekaza pande zote mbili? Kompyuta zilizowekewa kadi ya picha kwa ajili ya michezo huwa na mahali pawili pa kuchomeka waya huo. Ukiuchomeka pale pa kawaida, badala ya kwenye kadi, mara nyingi hutaona chochote.

Baada ya hapo, shuku RAM, zile bapa ndefu zinazosimama katika bodi kuu. Hili ndilo kosa linalowatajirisha mafundi walaghai, kwa sababu tiba yake ni kazi ya dakika tano na mteja huambiwa kwamba bodi nzima imekufa. Chomoa waya wa stima. Laza sanduku kwa ubavu, ufungue kifuniko, uguse chuma cha sanduku ili umeme tuli wa mwilini ukutoke. Sukuma vibanio vya RAM, ivute juu, na usugue taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Pangusa mabaki ya kifutio, kisha irudishe na uisukume hadi usikie vibanio vikibana. Kama zipo mbili, jaribu moja moja. Nairobi na viungani mwake, vumbi ndilo adui. Mombasa na Malindi, hewa yenye unyevu na chumvi huyala meno hayo polepole hata katika nyumba safi.

Huenda pia ukasikia kompyuta ikilia pip, pip. Huo ni ujumbe. Tangu kompyuta ya IBM ya mwaka wa 1981, mashine hizi hujikagua kila zinapowashwa, na katika ile ya IBM mlio mmoja mfupi ulimaanisha kwamba mambo ni shwari. Kila kampuni ina mtindo wake, kwa hivyo hesabu milio, ipi mirefu na ipi mifupi, uandike kwenye karatasi pamoja na jina lililo kwenye bodi. Fundi mwaminifu atafurahia karatasi hiyo. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina kipaza sauti cha kulia hivyo, lakini baadhi zina vitaa vidogo kwenye bodi vinavyofanya kazi hiyo hiyo.

Inaanza, kisha inakwama

Iwapo maandishi yanatokea yakisema kwamba hakuna diski ya kuanzia, tazama kwanza kama umeacha flashi ikiwa imechomekwa. Wazazi waliotumia kompyuta miaka ya 1990 watakumbuka jinsi disketi iliyosahauliwa ilivyoleta balaa hiyo hiyo. Tazama pia saa na tarehe. Zikiwa zimerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi imekwisha. Inaitwa CR2032, ni ya volti 3, na bei yake haishindi nauli ya matatu. Inapokwisha, kompyuta husahau mipangilio yake, na pengine ikasahau hata diski ilipo.

Wakati mwingine vifaa vyote ni vizima na tatizo ni programu. Mnamo 19 Julai 2024, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zilishindwa kuanza kwa sababu ya faili moja mbovu kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike. Hakuna kilichokuwa kimeungua. Faili hiyo ilipoondolewa, zikaamka.

Windows ikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, huleta ukurasa wa marekebisho. Jaribu kwanza ukarabati wa kuanza, kisha ile hali salama. Ukifika penye chaguo la kuirudisha upya, toa macho. Chaguo moja huacha faili zako na jingine hufuta kila kitu, na yako juu na chini ya mwenzake. Ukiulizwa ufunguo wenye tarakimu 48, ujue diski imefungwa kwa usalama. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft, ambayo unaweza kuifungua kwa simu. Utafute sasa, kwa sababu bila huo diski haitasomeka hata ikihamishiwa kwingine.

Na ukisikia diski yenyewe ikigonga ko, ko, ko, zima mara moja. Kila dakika ya kujaribu tena yaweza kula picha nyingine.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Watu wa Luthuli Avenue na kwingineko si wezi wote, na wengi ni stadi kweli. Hata hivyo, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama tatizo ni la umeme au la kiwambo cheusi, fundi hahitaji diski yako, kwa hivyo itoe na uiache nyumbani. Kama anaihitaji, mwambie aandike kwenye risiti kwamba haitafutwa kabla hajakupigia simu. Ukiambiwa bodi kuu imekufa, omba ijaribiwe kwa pawasaplai nyingine na RAM nyingine, hapo hapo ukiwa umesimama.

Na wewe mwanafunzi unayengojewa na mhadhiri, usikeshe ukibisha na mashine. Toa diski, nunua au azima waya unaoigeuza kuwa kama flashi kubwa, na uende nayo kwa jirani au katika saiba. Nakili kazi yako kwanza, ujitumie nakala nyingine kwa barua pepe. Sanduku lisiloamka lina wiki nzima ijayo ya kushughulikiwa.