Waya wa Ardhi Haukatwi

“Fundi, nikate waya gani ili ampli iache kuvuma?” Wapigaji wa kwaya, kuanzia Mudzipela hadi Nyakasanza hapa Bunia, wananiuliza swali hilo, na wengi wanakuja na jibu mkononi: ule wa kijani na njano, yaani wa ardhi. Usiukate. Uliyekwisha kuukata, urudishe kabla ya ibada ijayo.

Najua imani hii inakotoka. Ukiukata, mara nyingi mvumo unakwisha papo hapo, na aliyeukata anaonekana bingwa. Lakini mvumo haukuletwa na waya huo. Ampli imechomekwa kwenye prizi moja, mikisa kwenye nyingine, kisha kebo ya sauti ikaviunganisha. Ardhi imepata njia mbili, na katika mzunguko huo unapita mkondo mdogo wa hezi 50 unaoingia kwenye sauti. Vunja njia mojawapo, na mvumo utakoma. Mkataji amevunja ile iliyowekwa kulinda uhai, akaiacha ya kebo ya sauti, iliyopaswa kushughulikiwa.

Siku waya wa fazi utakapochubuka ndani ya ampli na kugusa bati, bati lote linaweza kubeba volti 220. Bati limeungana na ngao ya kebo ya gitaa, na ngao hiyo imeungana na nyuzi zilizo chini ya vidole vyako. Kebo nyembamba ya kwenda mikisa ndiyo pekee iliyobaki kubeba hitilafu hiyo; ikiungua au ikichomolewa, umeme unangoja mdomo wako uguse maikrofoni. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972 kwa kugusa maikrofoni wakati ardhi ya vyombo ilikuwa na kasoro. Mwaka 2005 mchungaji Kyle Lake wa Waco, Texas, alikufa kanisani kwake aliposhika maikrofoni akiwa ndani ya maji ya ubatizo.

“Lakini sisi tunatumia jenereta, haina ardhi.” Hoja hiyo nimechoka nayo. Hata kwa jenereta isiyounganishwa na udongo, waya wa ardhi unaunga mabati ya vyombo vyote pamoja, ili bati la ampli na maikrofoni visitofautiane volti. Ukiukata, umevitenganisha, na daraja kati yao ni mwimbaji. Wala usidhani u salama kwa kuwa hukukata kitu: ampli nyingi zinatufikia kutoka Kampala zikiwa na plagi ya miguu mitatu ya bapa inayohitaji adapta hapa kwetu, na adapta nyingi za bei rahisi hazipitishi ardhi kabisa. Ukihisi mdomo unatekenywa na maikrofoni, zima vyombo vyote.

Sasa tafuta chanzo. Punguza volyumu ya ampli hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, tatizo liko ndani ya ampli, mara nyingi kapasita za kuchuja umeme zimechoka. Piga sol kwenye uzi mnene kuliko zote wa gitaa, freti ya tatu: ni hezi 98. Mvumo ukikaribiana na noti hiyo, ni hezi 100 za kapasita. Ukiwa oktavu moja chini, ni hezi 50 za mzunguko wa ardhi au za transfoma iliyo karibu. Kapasita hizo mwachie fundi, maana ampli ya taa (valvu) huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Ukichomoa kebo kwenye gitaa mvumo ukazidi, kebo iko wazi, ni kawaida. Ukigeuka na gitaa sauti ikabadilika, koili za pikapu zinanasa uga wa sumaku wa transfoma: sogea mbali, au tumia pikapu ya koili mbili. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, tengeneza ngao ya ndani ya gitaa. Mlio mkali wa kukereza ukija na konvertisa ya sola, nunua ya mawimbi safi. Taa za LED na chaja za simu, zichomoe moja moja usikie.

Na mzunguko wa ardhi? Vyombo vyote vya jukwaa viingie kwenye ralonji moja yenye ardhi, inayoweza kubeba mzigo wake. Mvumo usiponyamaza, weka kati ya ampli na mikisa kisanduku cha DI chenye transfoma na swichi inayokata ardhi ya kebo ya sauti, si ya umeme. Kiongozi wa kwaya, fungua plagi zako wiki hii. Usipoukuta waya wa kijani na njano umefungwa mahali pake, ampli hiyo isipigwe Jumapili.