Kabla hujatandika nyasi bandia kwenye udongo wa mbuga, soma hapa kwanza

Wenzangu wenye vibanda, leo naomba niwaambie hela yangu ilivyoozea chini ya kapeti.

Nina banda la chipsi na juisi hapa Shinyanga. Mbele yake pana uwanja wa mita 6 kwa 8, na udongo wetu wa mbuga mnaujua: kiangazi unapasuka mpaka sarafu inatumbukia, masika unakuvua kandambili. Nikawa naona kwenye simu vibanda vya watu vimetandikwa nyasi bandia, watoto wanacheza, wateja wanapiga picha. Nikachukua mkopo wa kikoba. Fundi akaja, akaniambia, "Dada, hapa tunamwaga mchanga, tunasawazisha, jioni unakaa." Na kweli jioni nikakaa.

Mvua ilipochanganya, ukikanyaga nyasi maji yanaruka pembeni. Wiki ya pili ikaja harufu. Kama umewahi kusahau dekio kwenye ndoo siku tatu, ndiyo hiyo hiyo. Mama mmoja, mteja wangu wa siku zote, akamnyanyua mwanawe akaniambia kwa upole, "Dada, hapa pananuka," akaondoka. Wengine hawakusema, waliacha tu kuja. Na marejesho ya kikoba hayasubiri mvua iishe.

Tulipofunua, mchanga wote ulikuwa umeloa kama uji kwenye bakuli. Mzee jirani yangu, mkulima wa mpunga, alicheka: "Binti yangu, umetengeneza jaruba ukalifunika." Hakukosea. Huku mpunga unalimwa mbugani kwa sababu udongo ule ukishajaa maji hauyaachii. Mimi niliufukua kidogo, nikaujaza mchanga, nikategemea maji yazame. Yazame wapi?

Nyasi zenyewe hazikuwa na kosa. Zina matundu mgongoni, maji yanapita. Swali ni yakishapita yanaelekea wapi, na hilo unatakiwa ulijue kabla hujanunua hata mita moja.

Jipime hivi. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana huo huo. Jaza maji, yaache yaishe, jaza tena ndipo uangalie saa. Yakishuka chini ya sentimita 2 na nusu kwa saa nzima, usitegemee ardhi ikunyonyee. Langu nililijaza asubuhi, jioni bata angeogelea.

Halafu siku ya mvua chukua mwavuli, simama uangalie maji yanatokea upande gani. Hapa ndipo nilipojifunza kuliko kote. Mengi hayakuwa ya uwanjani, yalikuwa ya bati langu mwenyewe! Paa la mita 5 kwa 6 likipigwa na mvua ya milimita 20 linamwaga lita 600, yaani mapipa matatu, yote mlangoni kwa mteja. Nikafunga gata, nikaelekeza kwenye tenki. Sasa maji hayo yananioshea vyombo. Ukiwa na hela ya kazi moja tu mwaka huu, anza na gata.

Kinachofuata ni mteremko. Kila mita moja shusha sentimita 1 mpaka 2, kuondoka kwenye banda. Mimi kwa mita 6 nilishusha sentimita 9, na macho hayaoni kabisa, meza zinakaa vizuri. Fundi atumie uzi na mpira wa maji, asikadirie kwa jicho.

Upande wa chini tulichimba mtaro, upana sentimita 30, kina 45. Ndani tukatandika kitambaa cha kuchuja maji, kile cha mafundi wa barabara wanachokiita jiotekstaili, tukaweka kokoto, juu yake bomba la inchi 4 lenye matundu, kokoto tena, kitambaa kikafunikwa juu. Matundu yanaangalia chini, kwa sababu maji yanajaa kutokea chini ya mtaro. Bila kitambaa, udongo laini unaingia na bomba linaziba. Bomba nalo lina mteremko wake mpaka kwenye mfereji wa barabarani. Usilielekeze kwa jirani, utapata kesi. Na fundi akikwambia achimbe shimo la kunyonyea maji hapo hapo mbugani, mkumbushe shimo la majaribio.

Uwanjani tulitoa udongo wa juu, tukatandika kitambaa hicho hicho, tukamwaga kokoto sentimita 10, tukimalizia juu na kokoto ndogo. Kwa eneo langu ni karibu mita za ujazo 5, kirikuu ilikwenda na kurudi mpaka dereva akanichoka. Shindilia kwa tabaka, usimwage zote kwa pamoja. Kitambaa kinazuia kokoto zisizame kwenye tope. Kuna mafundi wanaweka nailoni badala yake, eti inazuia magugu. Inazuia na maji pia. Kataa.

Kokoto zikikaa, usikimbilie kutandika. Subiri mvua kubwa moja. Dimbwi likionekana sasa, unalirekebisha kwa toroli moja. Mimi nilikaa na kokoto tupu wiki tatu, wateja wakinitania kwamba nimefungua kituo cha reli.

Nyasi ni zile zile za mwanzo. Nilizifua kwa sabuni ya unga, nikazianika juani siku mbili. Pale tu gundi ilipoachia kwenye maungio ndipo nilipokata na kununua kipande kipya.