Pesa ya jioni, pesa ya miaka mitatu

Alfajiri ya Julai pale Makambako baridi hupenya hadi kwenye mifupa, lakini majiko ya mkaa yameshawaka. Mabasi ya Dar es Salaam, Mbeya na Songea hupishana hapa, malori ya Zambia na Kongo hulala hapa, na reli ya TAZARA inapita hapa tangu miaka ya 1970. Abiria anayeshuka kunyoosha miguu ana dakika chache tu. Anataka chai ya tangawizi, yai la kuchemsha, chipsi za moto. Mama anayemuuzia hana muda wa maneno mengi, kwa sababu noti anayoipokea asubuhi hii ndiyo itakayonunua unga jioni.

Ukishika barabara ya kusini, kama kilomita 60 hivi hadi Njombe mjini, pesa inabadilisha mwendo. Njia inapanda katikati ya misindano na chai, na miwati ambayo kampuni ya TANWAT ilianza kuishughulikia mwaka 1949. Kiazi huku kinataka miezi mitatu hadi minne. Parachichi la Hass lililobebeshwa huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu. Msindano unataka miaka 10 na zaidi kabla ya kufaa kwa mbao.

Nimezisikia semina nyingi za ujasiriamali, na karibu zote humwambia mtu aliyeanguka kimaisha kwamba athubutu, aandike mchanganuo, aanze na alichonacho. Sijasikia inayomuuliza atakula nini wakati anasubiri. Kwa mkoa kama Njombe hilo ndilo swali lenyewe. Utajiri wa ardhi hii uko kwenye vitu vinavyochelewa, na aliyeanguka ndiye asiyeweza kuchelewa.

Tazama viazi vinavyouzwa. Mwenye akiba husubiri bei ipande. Mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare huuza leo, na dalali anamsoma usoni. Ndipo gunia linapoongezewa kichwa juu na kufungwa kwa kamba, lumbesa, ingawa kanuni za vipimo zinasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kilo za juu ni jasho la mkulima linaloondoka bure. Lumbesa haiwezi kukomeshwa kwa mizani peke yake maadamu muuzaji ana njaa na mnunuzi anajua.

Hata waliojiwekea akiba wamewahi kuumizwa. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na moja ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Bima ya amana ililipa hadi shilingi milioni 1.5 kwa mteja; aliyekuwa na zaidi ya hapo ilimbidi angoje mambo ya ufilisi. Mtu anaweza kutumia miaka kuotesha miti, akaivuna, akaweka fedha mahali palipoitwa pa wananchi, kisha akajikuta anaanza kuhesabu upya.

Penye pengo hilo, kati ya njaa ya leo na mavuno yanayochelewa, ndipo inapoingia mikopo ya kausha damu. Fomu ni fupi, pesa inatoka siku hiyo hiyo, marejesho ni kila wiki. Hakuna mti unaozaa kila wiki. Anayekopa namna hiyo kwa ajili ya shamba huishia kuuza shamba, na kabla ya hapo godoro na jiko vimeshachukuliwa.

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Naiunga mkono kwa moyo wote, ila ina mlango mwembamba. Mwanamke au kijana huingia kupitia kikundi, na kikundi huchagua watu wanaoaminika tayari. Mjane aliyefukuzwa na mashemeji, au binti aliyerudi kutoka kazi za ndani Dar es Salaam bila mshahara wake, nani atamdhamini?

Mara nyingi anayemdhamini ni mwenye duka. Wafanyabiashara wa Kikinga waliotoka Makete na kuenea hadi Mbeya na Kariakoo wanajulikana kwa desturi ya kumshika mkono ndugu aliye chini, na jambo hilo lina jina sokoni: mali kauli. Unapewa mzigo kwa neno lako, unauza, unarudisha, unapewa mwingine mkubwa zaidi. Dhamana ni kurudi siku uliyosema utarudi.

Kuna muda pia ambao watu wa Njombe wamerudishiwa, na huo naona hausemwi vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8, ya juu kuliko mkoa wowote nchini. Ule wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7, bado ya juu kuliko kwingine. Kabla ya mpango wa dawa za bure kuanza mwaka 2004, ni nani aliyeambiwa ana virusi akafikiria kuchimba shimo la mti wa miaka mitatu? Leo anayemeza dawa zake kila siku anapanda parachichi, na anatarajia kulichuma yeye mwenyewe.

Lakini mti unataka ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kuidai haki hiyo mbele ya ukoo kunahitaji nauli, mashahidi na miezi ya kwenda na kurudi.

Ndiyo maana napenda vitalu vya miche. Kiriba cha mche kinahamishika. Unaotesha mbegu ya parachichi la kienyeji, mche ukifikia unene wa penseli unaubebesha kikonyo cha Hass, unafunga nailoni, unatunza. Eneo la kupanga karibu na maji linatosha, na takribani ndani ya mwaka miche inauzika. Tangu soko la China lifunguliwe Novemba 2022, wanaoiulizia wapo. Anayefukuzwa kwenye kiwanja anapakia viriba vyake kwenye mkokoteni. Asubuhi chipsi stendi, jioni kisu na nailoni.

Kwenye kitalu cha namna hiyo utakuta safu moja pembeni isiyouzwa. Ukiuliza bei unaambiwa hiyo ni ya nyumbani, na nyumbani kwenyewe bado ni chumba kimoja cha kupanga.