Je, Wajua? Kikombe Kwanza, Mizani Baadaye

Je, wajua kwamba mwanamieleka wa sekondari nchini Marekani hutoa mkojo kwenye kikombe kabla ya kupanda mizani, na wala hasakwi kwa bangi au dawa za kutunisha misuli? Kinachosakwa ni maji. Mkojo wake ukizidi 1.025, yaani ukiwa mzito kuliko maji safi kwa zaidi ya sehemu 25 katika kila 1,000, huambiwa aende zake, anywe maji, arudi siku nyingine. Mwili uliokauka haupimwi.

Mieleka inayozungumzwa hapa ni ile ya kuangushana kwa ufundi, si ile ya televisheni ya kuvunjiana viti migongoni. Wachezaji hupangwa kwa uzito, na kila mmoja angependa kukutana na mwembamba kuliko yeye. Sasa, lita moja ya maji ni kilo moja. Anayetoka jasho lita mbili usiku kucha, kisha akazinywa tena akishapimwa, amepungua kwenye karatasi tu. Vijana wamelijua hilo kwa vizazi: wakashinda bila kula, wakakimbia wamejifunga mavazi ya plastiki, wengine wakitembea na chupa ya kutemea mate ili gramu chache zaidi ziondoke.

Mwaka 1997 hila hiyo iliua. Kati ya Novemba 7 na Desemba 9, wanafunzi watatu wa vyuo vikuu vya North Carolina, Wisconsin na Michigan walikufa wakihangaika kupunguza uzito. Wote walikuwa wakifanya mazoezi kwenye joto, wamevaa nguo zisizopitisha jasho. Vyuo vikapiga marufuku mavazi hayo na mabanda ya mvuke. Ajabu ni kwamba Wisconsin, mojawapo ya majimbo hayo matatu, ilikuwa imeanza kuwawekea wanamieleka wa sekondari kikomo cha uzito miaka kadhaa nyuma. Kwa hiyo mtoto wa shule alikuwa na ulinzi ambao kaka yake wa chuo hakuwa nao. Kwa sekondari za nchi nzima, kanuni ya kikomo hicho ilianza msimu wa 2006.

Je, wajua kwamba hesabu ya kikomo hicho haianzii kwenye kilo bali kwenye mafuta? Mpimaji hufinya ngozi kwa koleo maalumu: nyuma ya mkono wa juu, chini ya mfupa wa bega, na kando ya kitovu. Wasichana hufinywa mahali pawili pa kwanza tu. Unene wa mikunjo hiyo huonyesha kiasi cha mafuta mwilini. Mvulana haruhusiwi kushuka chini ya asilimia 7, msichana asilimia 12.

Mchukue kijana wa kilo 70 mwenye mafuta asilimia 14. Ukiyatoa yote zinabaki kilo 60.2 za misuli, mifupa na vinginevyo. Gawanya kwa 0.93, kwa kuwa asilimia 7 lazima ibaki mafuta, unapata 64.7. Huo ndio uzito wa chini kabisa anaoweza kushindania msimu ule, hata kocha akilia machozi. Wala hafiki hapo kwa wiki moja, kwa kuwa haruhusiwi kupoteza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki. Kwake yeye ni kilo moja na kidogo, hivyo safari itachukua kama wiki tano. Aliyezaliwa mkavu, yaani yuko chini ya asilimia 7 bila kujinyima chochote, hucheza akiwa na barua ya daktari.

Asiyeridhika na koleo hukata rufaa. Katika majimbo mengi rufaa hiyo husikilizwa ndani ya maji: unazamishwa na kupimwa uzito ukiwa chini, kwa kanuni ileile ya Archimedes. Au unaketi ndani ya chombo chenye umbo la yai kinachopima hewa uliyoisukuma kando.

Kwenye mashindano ya dunia hakuna anayeuliza habari za mafuta; mizani ndiyo yenye kauli. Agosti 7, 2024, mjini Paris, Vinesh Phogat wa India alikuwa ameshafika fainali ya Olimpiki ya kilo 50 alipopimwa tena asubuhi na kukutwa amezidi gramu 100. Hata nywele zake zilikuwa zimekatwa usiku uliotangulia ili apungue. Akaondolewa, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikalitupa ombi lake la medali ya fedha.

Mizani ya shule ina huruma kidogo. Kwa kuwa kijana hukua, katikati ya msimu majimbo mengi humwongezea kila mwanamieleka ratili mbili, kama gramu 900, za kurefuka. Hupewa wote sawasawa, hata yule ambaye kimo chake hakijasogea tangu mwaka juzi.