Mwalimu Naye Aliogopa: Siku Shule Zilipofunguliwa Baada ya Korona

Kwenye kurasa hizi tumeongea mara nyingi juu ya watoto na masomo, lakini mwalimu huwa tunamsahau. Tunamkumbuka tu siku mtoto ameanguka mtihani. Basi mwezi huu tuseme habari za mwalimu, hasa ile hofu aliyokuwa nayo wakati shule za Uganda zilipofunguliwa baada ya Korona.

Mtu anaweza kuuliza, mbona mnafukua mambo yaliyopita? Ni kwa sababu magonjwa hayajaisha, na siku moja shule zinaweza kufungwa tena. Tukijua walimu waliogopa nini, na hofu ipi ilikuja kutimia, sisi wazazi tutajua la kufanya mapema.

Tunachukua mfano wa Petta. Petta ni gombolola ya wilaya ya Tororo, upande wa West Budama, kwa ndugu zetu Jopadhola. Watu wa huko ni wakulima wa mihogo, mtama, wimbi na karanga. Ukitoka kule kuelekea Kenya unafika mpakani, Malaba au Busia. Wapo kati yetu wanaoijua wilaya hiyo vizuri. Mwaka 2008, Wakenya waliokimbia fujo za uchaguzi walivuka hapo Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda, palepale wilayani Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Kwa hiyo si mahali pageni kwa wakimbizi. Na hofu za walimu wa kule ndizo zilezile za walimu wanaofundisha watoto wetu.

Mambo yalivyokwenda

Tukumbushane kidogo. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni alitangaza kwamba shule zote zifungwe, na tarehe 20 zikafungwa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Uganda alijulikana kesho yake, tarehe 21. Wanafunzi kama milioni 15 wakakaa nyumbani.

Tarehe 15 Oktoba 2020 waliitwa wale wa madarasa ya mtihani tu, yaani P7, S4 na S6, pamoja na wa mwaka wa mwisho vyuoni. Kuanzia Machi 2021 wengine wakaanza kurudi kidogo kidogo. Halafu wimbi la pili likaja kwa nguvu, na tarehe 7 Juni 2021 shule zikafungwa tena. Watoto wadogo wa P1 mpaka P3 walikuwa hata hawajarudi. Milango ilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Ukihesabu ni karibu miezi 22. Uganda ikatajwa duniani kote kuwa nchi iliyofunga shule muda mrefu kuliko zote.

Majirani hawakufanya hivyo. Tanzania ilifungua shule zote tarehe 29 Juni 2020. Burundi haikufunga. Congo ilifunga Machi 2020, ikafungua Oktoba, ikafunga tena Desemba, ikafungua Februari 2021. Kenya ilianza na madarasa matatu tarehe 12 Oktoba 2020, na wote wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Sasa fikirini mji wa Busia, ambao ni mmoja lakini una nchi mbili. Sehemu kubwa ya mwaka 2021 mtoto wa upande wa Kenya anavaa yunifomu asubuhi, na mwenzake wa upande wa Uganda, mita chache tu, anabeba beseni la ndizi kwenda kuuza.

Hofu ya kwanza: ugonjwa wenyewe

Tororo iko kwenye barabara kubwa ya malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala na mpaka Congo. Mwaka 2020 malori yalipanga foleni ndefu sana Malaba, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Wilaya za mpakani zilibanwa usafiri hata pale wilaya nyingine zilipoanza kuruhusiwa. Watu walisikia kila siku kwenye redio kwamba ugonjwa unaingilia mpakani. Kwa hiyo mwalimu wa Petta alipoambiwa arudi darasani, hakuiona Korona kama jambo la mbali.

Masharti ya kufungua yalikuwa mazuri kwenye karatasi. Watoto wakae mbali mbali, wavae barakoa, wanawe mikono kwa sabuni, wapimwe joto getini. Lakini mwalimu alijiuliza: darasa langu lina watoto 100, tena wengine wanakaa chini. Nikiligawa mara tatu nahitaji vyumba vitatu na walimu watatu. Viko wapi? Maji yanatoka kwenye bomba la kijiji ambalo akina mama nao wamepanga foleni ya madumu. Sabuni ya Jumatatu itafika Ijumaa? Na mtoto wa miaka saba utamwambiaje asimguse rafiki yake ambaye hajamwona mwaka mzima?

Kisha jioni mwalimu huyohuyo anarudi nyumbani. Kuna mama yake mzee, au yeye mwenyewe ana sukari au presha. Habari zilizotoka Kenya hazikumtuliza. Mombasa, shule mbili za sekondari zilifungwa tena Oktoba 2020 baada ya walimu kukutwa na Korona, na mwezi uliofuata mwalimu mkuu wa mojawapo akafariki. Mwalimu akisikia hivyo aseme nini?

Chanjo ilianza Uganda tarehe 10 Machi 2021, na walimu waliwekwa kati ya watu wa mbele. Baadaye serikali ikasema shule hazitafunguliwa mpaka walimu wachanjwe. Hapo maneno ya mitaani yakaanza, kwamba chanjo inazuia kuzaa, kwamba inaua. Mwalimu akawa katikati. Akikataa sindano anaonekana ndiye anayechelewesha shule. Akikubali, nyumbani wanamlilia. Wapo wazazi waliosema walimu hawataki kazi, wamezoea kulala. Hayo hayakuwa maneno ya haki. Kuogopa siyo uvivu.

Hofu ya pili: tumbo

Walimu wa serikali waliendelea kupata mshahara. Wa shule za binafsi, wengi hawakupata kitu. Shule ya binafsi inaishi kwa karo, na karo ilikuwa imekauka. Basi mwalimu akawa dereva wa boda boda, mwingine akafyatua matofali, mwingine akalima shamba la watu kwa kibarua. Baadhi ya majengo ya shule yaligeuzwa maduka au nyumba za kupanga. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mipango ya Taifa ya Uganda ilionya kwamba shule za msingi zaidi ya 3,500 huenda zisifunguliwe tena.

Kwa hiyo mwalimu alipoitwa Januari 2022 alikuwa na maswali yake. Shule bado ipo? Mkurugenzi atanilipa, na deni nililokopa dukani litalipwa na nani? Nikiacha boda boda leo na shule zikafungwa tena baada ya mwezi, nitakula nini? Wengine hawakurudi kabisa. Na waliorudi walikuta madarasa ya wenzao nayo ni yao.

Hofu ya tatu: watoto hawatarudi

Hii ndiyo iliyowaumiza walimu kuliko zote. Ile Mamlaka ya Mipango ilikisia kwamba karibu wanafunzi 30 katika kila 100 huenda wasirudi. Sababu zilijulikana: kazi, mimba na ndoa za mapema. Mei 2021 shirika la Human Rights Watch pamoja na ISER la Uganda walitoa ripoti juu ya watoto waliokuwa wakifanya kazi ngumu ili wale. Busia ni mahali pa machimbo ya dhahabu, na watoto wanaonekana huko wakichimba, wakibeba mawe na kuosha mchanga. Mtoto aliyezoea kushika pesa yake, hata kama ni shilingi kidogo, kumrudisha kwenye dawati ni kazi.

Kwa sisi wakimbizi njaa iliongezeka juu ya hayo. Uganda, mgao wa chakula wa WFP ulipunguzwa kwa asilimia 30 Aprili 2020, na Februari 2021 punguzo likafika asilimia 40. Mama akiangalia debe la unga limeisha kabla ya mwezi, na mtoto wa miaka 12 anaweza kulima kibarua kwa wenyeji, unadhani atamwambia nini? Hatumlaumu mama huyo. Tunasema tu kwamba mwalimu aliliona jambo hili likija.

Na wasichana. Walimu walijua kwamba wengine watarudi na mimba au na mtoto mgongoni, na hawakujua wawapokeeje. Wizara ya Elimu ya Uganda ilikuwa imetoa mwongozo mwishoni mwa 2020 kwamba msichana aliyepata mimba apumzike, ajifungue, kisha arudi shuleni. Januari 2022 serikali ikasisitiza kwamba shule zisiwafukuze. Hata hivyo wasichana wengi walibaki nyumbani kwa aibu, au kwa kukosa mtu wa kuwashikia mtoto.

Hata wale waliorudi hawakuwa walewale. Serikali ilipandisha watoto darasa bila mtihani. P1 ya 2022 ilipokea watoto wa miaka 6, 7 na 8 pamoja, maana wote walikuwa wanasubiri kuanza. Wa kwetu walikuwa na tatizo la lugha pia. Mtoto wa Kikongo au wa Sudan Kusini aliyekuwa ameanza kushika Kiingereza alikuwa amekisahau, kwa kuwa miezi 22 alizungumza lugha ya nyumbani tu. Redio ilitoa masomo, sawa, lakini nyumba ngapi kambini zilikuwa na redio na betri?

Hofu ipi ilitimia?

Tukiangalia nyuma tunaona hivi. Ugonjwa ulikuwepo shuleni, lakini baada ya Januari 2022 shule za Uganda hazikufungwa tena kwa ajili ya Korona. Hofu ya kwanza, iliyozungumzwa sana, ilipungua. Ile ya tatu, iliyozungumzwa kidogo, ndiyo iliyokaa. Korona imeacha kuwa habari ya redio, lakini mtoto aliyetoka P5 mwaka 2020 akaenda machimboni, au akaolewa, yupo mpaka leo na hajui kuandika barua. Huyo ndiye mgonjwa ambaye hakuhesabiwa.

Tangu hapo mitihani mingine imekuja. Ebola ya Mubende ilitangazwa Septemba 2022, na shule zote nchini zikafungwa tarehe 25 Novemba, wiki mbili kabla ya wakati. Mpox ilisambaa 2024 kutoka Congo kwenda nchi jirani. Ebola ilirudi Kampala Januari 2025, ikatangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, na safari hiyo nchi nzima haikufunga shule. Labda wakubwa nao wamejifunza kwamba kufunga ni rahisi kuliko kufungua.

Sisi wazazi tufanye nini?

Tulipoongea na walimu juu ya jambo hili hawakuomba makubwa. Tumeyakusanya hapa.

Kwanza, mtoto akiwa na homa, vipele au anatapika, asipelekwe shule. Mpeleke kliniki, halafu mwambie mwalimu ukweli. Usifiche kwa kuogopa kusemwa na majirani.

Pili, shule ikifungwa, mtoto asome kila siku hata nusu saa. Kama mama hajui kusoma, mkubwa amsomee mdogo. Hata karatasi iliyofungiwa sabuni ina maneno ya kusoma.

Tatu, kazi za nyumbani ni sawa, hata kusaidia kutafuta chakula tunaelewa. Lakini tangu mwanzo mwambie mtoto kwamba ni kwa muda, na kwamba siku kengele ikilia atarudi. Daftari na yunifomu visigawiwe wala kuuzwa.

Nne, msichana aliyezaa ni mwanafunzi bado. Bibi, shangazi au jirani amshikie mtoto asubuhi. Kama shule inamkataa, baba au mama aende na mwenyekiti wa kijiji aulize, maana mwongozo wa wizara unamlinda.

Tano, tusiwaseme walimu vibaya mbele ya watoto. Kama tuna neno, kuna kamati ya shule. Na kama shule haina maji, wazazi wa bloku moja wanaweza kupeana zamu, dumu moja moja kila asubuhi. Hilo halihitaji shirika.

Mwisho, tunaomba jambo moja mwezi huu. Kila familia iangalie majirani zake na ijiulize, ni mtoto gani hapa aliacha shule wakati wa Korona na hajarudi? Labda sasa ni kijana mwenye ndevu au ni mama wa watoto wawili. Yapo madarasa ya watu wazima, yapo mafunzo ya ufundi, na wapo walimu watakaompokea bila kumcheka. Nenda umwambie. Ukiona anaona haya, mshike mkono mwende pamoja.